Nimefungua seti ya kambi ya tamasha: hema poa, vigingi vimenikera (na vitu vya kubeba kweli)

Angalieni hiki kigingi jamani, sogeza kamera, sogeza tena kidogo, hapo hapo. Hiki kimetoka kwenye boksi sasa hivi, hakijagusa udongo, na naweza kukipinda kwa vidole vyangu. Umeona? Kimepinda. Sasa hiki ndicho eti kishikilie hema lako usiku kucha, upepo unavuma, watu wanatoka kwenye muziki saa nane za usiku wanajikwaa kwenye kamba zako. Haiwezekani.

Okei, mambo vipi wadau, karibuni kwenye chaneli, leo ni ile video mliyoiomba sana, nini cha kufungasha ukienda kupiga kambi kwenye tamasha la muziki la kiangazi, na nimeamua kuanzia na hii seti ya bei chee ambayo kila mtu ananitumia linki yake. Kampuni siitaji, maana ziko nyingi zinauza kitu kilekile zinabadilisha rangi tu. Ndani kuna hema la watu wawili, begi la kulalia, mkeka wa foamu na katochi. Vipimo vyote vimeandikwa kwenye boksi, mnajua kusoma, sitawasomea. Nitasema tu kwamba hema la watu wawili maana yake ni mtu mmoja na mabegi yake, hilo sijui kwa nini watengenezaji hawataki kulisema wazi. Mko wawili? Chukueni la watatu.

Sasa turudi kwenye vigingi maana sijamaliza nao.

Nimeweka hapa trei kubwa ya udongo, nimeushindilia vizuri, ni mgumu kama uwanja uliokanyagwa na watu wengi. Kigingi cha hii seti ni waya wa duara tu, mwembamba. Naupiga kwa nyundo ya mpira, taratibu, sitaki kuuonea... mmeona? Umefika nusu, umekutana na kajiwe, umekunja shingo. Huo sasa hauendi mbele wala haurudi. Na hata ule ulioingia wote, angalieni nikiuzungusha, unazunguka bila shida yoyote, kwa sababu ni duara na udongo hauna pa kuushika. Kamba ikivuta inauzungusha, ndoano inageuka, kamba inachomoka. Hapo huhitaji dhoruba, upepo wa kawaida unatosha.

Haya, sasa hiki kingine. Hivi nilinunua pembeni, alumini, ukikitazama kwa juu kina mbavu tatu kama herufi Y. Napiga. Kimeingia. Nakizungusha... hakizunguki. Navuta kamba kwa nguvu zangu zote, trei nzima inasogea mezani lakini kigingi kimetulia palepale! Hicho ndicho kitu ndugu zangu. Zile mbavu zinashika udongo pande tatu, na umbo lenyewe linakataa kupinda. Chukua seti ya hivi nane au kumi, uzito wake hutausikia begani.

Na namna ya kupiga nayo ina maana, msinikimbie, hii ni muhimu. Kigingi usikisimamishe wima tu. Kichwa chake kiinamie nje, mbali na hema, ncha iingie ikielekea chini ya hema, ili kamba na kigingi vikutane karibu pembe mraba. Hivi. Ukikilaza upande wa pili, kichwa kikaelekea hema, kamba inakichomoa tu kama inavuta uzi kwenye sindano. Nimewaona watu wengi sana wanafanya hivyo halafu wanalaumu upepo. Kwenye mchanga ni hadithi nyingine kabisa, hapo kigingi chembamba cha aina yoyote hakisaidii, unahitaji kipana, au unajaza mfuko mchanga, unaufunga kamba, unaufukia.

Na ukiondoka vihesabu. Idadi uliyokuja nayo ndiyo uondoke nayo. Lile tamasha la Glastonbury kule Uingereza linafanyika Worthy Farm tangu 1970, na pale ni shamba la ng'ombe wa maziwa kwelikweli, watu wakiondoka ng'ombe wanarudi kula majani palepale. Kigingi kilichobaki ardhini kinamuumiza ng'ombe. Matamasha mengi yapo mashambani, kwa hiyo hili linatuhusu wote.

Kabla sijasahau, mdau mmoja atauliza mbona usinunue tu yale mahema ya kurusha yanayofunguka yenyewe, kama yale ya Quechua. Ni mazuri! Kusimamisha ni kufumba na kufumbua, na yapo yenye kitambaa cheusi ndani kinachozuia mwanga wa asubuhi, na hilo kwenye kiangazi ni neema, maana jua linachomoza mapema na ikifika saa mbili asubuhi hema la kawaida limeshakuwa oveni, huwezi kulala hata ufanyeje. Ile nyeusi naipenda sana, laiti hii seti ingekuwa nayo. Shida yake ni duara kubwa ukilikunja, linabebeka vibaya kwenye basi na treni, na kulikunja lenyewe ujifunze nyumbani. Lakini angalieni, hata hayo yanataka vigingi. Kufunguka lenyewe haimaanishi litabaki hapo lenyewe.

Sasa kamba. Watu wengi hawafungi kamba za pembeni, wanaziacha zimeviringishwa kama zilivyotoka dukani, wanasema hakuna upepo leo. Jamani, kamba si za upepo peke yake. Usiku mnapumua mle ndani, pumzi ina unyevu, unyevu unagonga kitambaa cha nje chenye baridi unageuka matone. Kama kitambaa cha nje kimelegea kinagusana na cha ndani, maji yanapenya, unaamka begi la kulalia limelowa, unaandika mtandaoni kwamba hema linavuja. Halivuji! Ni pumzi yako. Kaza kamba ili matabaka mawili yaachane, acha tundu la hewa wazi hata kama unaona baridi kidogo, basi. Na kama kitambaa ni naironi, jioni pita uzikaze tena, maana naironi ikipata unyevu inanyooka, polyester hainyooki hivyo.

Halafu kila kamba ifunge kipande cha kitambaa cheupe au riflekta. Hivi, karibu na ardhi, fundo moja. Mtu akipita na tochi anakiona. Hiyo itaokoa meno ya mtu, na itaokoa hema lako pia.

Hema lenyewe? Nilitaka kulichukia, kusema ukweli, kwa hasira za vigingi. Ila nimelimwagia maji kwa mpira muda mrefu tu, mishono ina utepe kwa ndani, zipu haing'ang'anii kitambaa, na kwenye lebo wameandika milimita 2000, yaani kitambaa kinastahimili shinikizo la safu ya maji ya urefu huo kabla hayajapenya. Kwa mvua ya kiangazi sina tatizo nayo. Sakafu ningependa iwe na zaidi, kwa sababu pale unapogandamiza goti au kiwiko unayasukuma maji yaingie, kwa hiyo weka turubai chini, ila lisitokeze nje ya hema, likitokeza linakinga mvua na kuileta chini yako.

Mkeka wa foamu wa hii seti ni mwembamba mno. Naukunja hivi, ona, vidole vyangu vinakutana. Na hapa ndipo watu wanapotapeliwa na neno kiangazi. Ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha hata mchana kukiwa na joto, na begi la kulalia halikusaidii upande wa chini kwa sababu umeligandamiza kwa uzito wako, hewa iliyokuwa inashika joto imetoka yote. Kwa hiyo mkeka ndio blanketi lako la chini. Angalia alama ya R kwenye mkeka, namba ikipanda ndivyo unavyozuia baridi zaidi. Yale magodoro makubwa ya kujaza upepo yasiyo na kitu ndani yanaonekana ya kifahari, lakini ile hewa inazunguka mle inakupozea mgongo mpaka asubuhi. Pesa yako ikiwa kidogo, iweke kwenye mkeka na vigingi, begi la kulalia la kawaida litakutosha na soksi nzito juu yake.

Samahani kwa kelele hizo, jirani anachimba. Na mnaolalamikia sauti kwenye komenti, maiki mpya imefika, ndiyo hii, niambieni kama iko sawa.

Masikio sasa, na hapa siongei kwa utani. Vizibo vya masikio bebeni, jozi mbili tofauti. Mwongozo wa NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama kazini, unasema sauti ya desibeli 85 unaweza kukaa nayo saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unagawanyika nusu. Ukihesabu, desibeli 100 ni dakika 15. Na karibu na spika za jukwaani kufika 100 ni kawaida tu, na wewe unakaa pale jioni nzima. Kwa hiyo mchana vaa vile vya muziki vyenye kichujio, vinapunguza sauti bila kuua ule mlio mzuri wa juu, na usiku vile vya foamu. Na vya foamu watu wanavipachika tu mlangoni mwa sikio halafu wanasema havifanyi kazi. Kiviringishe kwa vidole kiwe chembamba kabisa, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kishikilie kwa kidole mpaka kivimbe. Hapo ndipo utasikia ukimya. Tena mtoto ukienda naye muwekee hedifoni za kukinga kelele.

Pawabanki nitaifanyia video yake wiki ijayo, nimekusanya kadhaa, ila kwa leo jua hili. Iliyoandikwa 10,000 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba, haikupi 10,000 kwenye simu. Hiyo namba ni ya betri ya ndani yenye volti 3.7, inapandishwa kuwa volti 5, na nyingine inapotea kwa joto, kwa hiyo hesabia kama theluthi mbili. Wikendi nzima chukua ya 20,000, na kama unasafiri kwa ndege iweke kwenye begi la mkononi, kwenye mzigo mkubwa hairuhusiwi. Na simu ukiwa kwenye umati iweke hali ya ndege kama huitumii, mtandao ukizidiwa simu inahangaika kutafuta na chaji inaisha.

Mengine haraka haraka. Tochi ya kichwani, siyo katochi ka hii seti, kwa sababu chooni usiku unahitaji mikono miwili. Toilet pepa yako mwenyewe ndani ya mfuko wa zipu. Waipsi. Kofia na krimu ya jua. Chupa ya maji ya kujaza tena, isiwe ya glasi, matamasha mengi yanakataza glasi kambini na utanyang'anywa getini. Plasta za malengelenge. Gambuti kama ardhi ni ya tope, mliona picha za Glastonbury 2005, mahema yalizama kwenye maji. Koti la mvua, mwavuli acha nyumbani, unawaziba wa nyuma na getini wengi hawauruhusu. Na mifuko mikubwa ya taka, mitatu minne, inakuwa sehemu ya kukalia, inafunika begi, inabeba nguo zenye tope, na mwisho inabeba taka zako.

Kufuli kwenye zipu ya hema sikushauri. Kitambaa kinachanwa na kisu, kufuli linamwambia mwizi humu kuna kitu. Simu na pesa vilale nawe, chini kabisa ya begi la kulalia, miguuni.

Kuna dada kwenye komenti za video iliyopita ameuliza kuhusu jiko la gesi, kama mvua ikinyesha anaweza kupikia ndani ya hema. Dada yangu, hapana. Hata mlango ukiwa wazi, hata dakika moja. Jiko au mkaa kwenye hema unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, unasinzia huamki. Na mkaa unaoonekana umezimika bado unaweza kuitoa, kwa hiyo usiingize jiko la mkaa eti lipashe joto usiku. Mvua ikinyesha kula kitu kikavu, subiri.

Kwa hiyo hii seti nainunua au siinunui? Kwa bei ya mwaka jana ningesema chukua bila kufikiri. Sasa hivi wameipandisha na vigingi ni vilevile, mkeka ni uleule, hapo wananiudhi. Ukiikuta kwenye ofa chukua, mkeka mpe rafiki autumie kukalia, vigingi badilisha siku hiyohiyo. Bila ofa, nunua hema peke yake.

Na ukifungasha, hema liwe juu kabisa ya begi, vigingi na nyundo mfuko wa nje, kwa sababu ukifika kitu cha kwanza ni kuwahi sehemu tambarare iliyoinuka kidogo, mbali na vyoo, mbali na njia kuu, na wenzako wote wanaikimbilia hiyohiyo. Nani anaenda mwaka huu? Andikeni hapo chini mnalala kwenye hema gani, nazipitia zote leo usiku.