Duka la pembejeo lililoniuzia chokaa

Kama una matuta ya mboga huku Mikindani na unamwagilia maji ya bomba, duka nililokwenda mimi lipite mbali. Jina silitaji, lakini hasira ninayo mpaka leo.

Mvua zilipokatika nikaanza kumwagilia ya bomba, na hapo ndipo mchicha na matembele yalipoanza kuugua. Majani machanga yalitangulia: njano tupu, mishipa tu imebaki kijani kama nyuzi za wavu. Juu ya udongo utando mweupe, uleule unaoganda ndani ya birika langu la chai. Nikang'oa mashina mawili, nikatia kwenye mfuko, nikapanda bajaji.

Kijana wa dukani hata mfuko hakuufungua. "Mama, udongo umechoka huo. Weka chokaa." Nikamwambia, mwanangu, maji yangu yenyewe yana chokaa, njoo uone birika. Akamgeukia mwenzake, akacheka: "Siku hizi kila mtu bwana shamba." Mbele ya watu! Mtoto ninayeweza kumzaa. Kwa fedheha nikalipa, nikabeba.

Wiki mbili hazikuisha, njano ikawa karibu nyeupe. Chokaa huua asidi, na udongo wangu asidi haukuwa nayo. pH, yaani kipimo cha asidi (ikipanda, asidi imepungua), ikishapita 7.5 hivi, madini ya chuma yanajifunga udongoni. Mmea unakosa chuma nao umekisimamia.

Nikarudi kugombana. Aliyenisaidia si wao, ni mzee mmoja mkulima wa korosho aliyekuwa ananunua. "Chukua salfa hii tunayopulizia ubwiriunga," ule ukungu mweupe wa mikorosho, akanionyesha kwa kidole. Mifuko imepangwa nyuma ya mgongo wa yule kijana! Konzi ndogo kwa tuta, nichanganye na mboji, na nisiwe na pupa, maana vijidudu vya udongoni huchukua wiki nyingi, hata miezi, kuigeuza iwe asidi. Nikisubiri, natia siki kwenye ndoo ya maji ya kumwagilia, kijiko kimoja kimoja, napima kwa karatasi za pH alizoniletea mpwa wangu, mwalimu wa sekondari, hadi ishuke kukaribia 6.5.

Majani mapya yanatoka kijani. Salfa yao ni nzuri, sikatai, na bei haikuniumiza. Basi nendeni, ila mjue mnachotaka kabla hamjaingia. Hapana. Nikikumbuka kile kicheko, nunueni kwingine. Mfuko wa chokaa yule kijana amekataa kuupokea, uko barazani kwangu, nusu nzima.