Kifurushi cha kufungisha ndoa "majimbo yote 50": walichonyamazia kuhusu Ohio

Hasira bado ni mbichi, kwa hiyo mtanisamehe nikizidisha. Naizungumzia kampuni moja ya mtandaoni inayowaweka watu wakfu ili wafungishe ndoa, kisha inawauzia "kifurushi cha kisheria": cheti cha kuwekwa wakfu, barua ya utambulisho na kadi ya mfukoni. Tangazo lao linasema kinatambulika majimbo yote 50 ya Marekani. Sisi tulitaka mjomba atoke Texas aje afungishe ndoa Columbus, Ohio. Tukalipa.

Wasichosema ni kwamba Ohio cheti cha wakfu peke yake hakitoshi. Mchungaji yeyote, awe mkazi au mgeni, lazima kwanza awe na leseni ya kufungisha ndoa kutoka ofisi ya Katibu wa Jimbo (Secretary of State) la Ohio. Anajaza fomu, anaambatanisha uthibitisho wa kuwekwa wakfu, analipa dola 10. Leseni hiyo inadumu maadamu bado ni mchungaji wa dhehebu lake. Texas haina daftari la namna hiyo, ndiyo maana watu wa huko hawashtuki mpaka wafike.

Nikapiga simu kuuliza. Kijana wa huduma kwa wateja akaniambia nisijisumbue, maana hakuna anayekagua, na kabla sijamaliza sentensi ya pili akakata. Neno hilo, "hakuna anayekagua," ndilo limeniandikisha haya yote.

Wapo wanaokagua. Sheria ya Ohio inamtaka mchungaji aonyeshe leseni yake akidaiwa na yeyote kati ya wanaooana, au na jaji wa Mahakama ya Mirathi. Mahakama hiyo ya kaunti ndiyo inayowapa maharusi leseni ya ndoa, na ndiyo inayopokea karatasi ya leseni hiyo ikirudishwa baada ya ibada. Asiyeruhusiwa kisheria haruhusiwi hata kujaribu kufungisha. Halafu kuna jambo ambalo wenzetu waliohamia huku wanalijua vizuri: ukimwombea mwenzio makazi, uhamiaji wanataka cheti cha ndoa cha serikali, si kile chenye maua kilichotolewa kanisani. Ndoa iliyofungwa na mtu asiye na leseni inakuwa na doa ambalo mwanasheria wa upande wa pili anaweza kuligusa miaka mingi baadaye, kwenye talaka au kwenye mirathi. Mnacheza na hilo kwa sababu ya dola 10?

Niwe mkweli: cheti chenyewe si feki. Ndicho kinachoambatanishwa kwenye ombi la leseni, kwa hiyo nusu ya kazi kinaifanya. Nilikuwa nimewapa nyota mbili kwa hilo. Lakini kila nikiukumbuka ule ukurasa wao wa majimbo yote 50, mkono unarudi kwenye nyota moja.

Kwa mwenye ndugu anayetoka jimbo jingine kuja Ohio, mambo yenyewe yako hivi. Ombi la mfungishaji litangulie, tena mapema, kabla hata ya leseni ya ndoa, kwa sababu leseni ya ndoa ikishatoka inaishi siku 60 tu. Jina kwenye ombi liwe lile lile la kwenye cheti cha wakfu na kitambulisho. Mjomba anayejulikana kwa jina la ubatizo huku pasipoti ina jina la ukoo anaweza kurudishiwa makaratasi. Maharusi wakiwa wakazi wa Ohio wanaomba kwenye kaunti anayoishi mmoja wao. Wote wakiwa wa nje, wanaomba kwenye kaunti ndoa itakapofungwa. Mashahidi hawatakiwi. Baada ya ibada, mfungishaji ana siku 30 kuirudisha karatasi kwenye mahakama iliyoitoa, na onyo la faini ya dola 50 limechapwa juu yake. Asiondoke nayo kwenye begi kurudi Houston! Nakala zilizothibitishwa mnazichukua mahakama hiyo hiyo.

Walio Cincinnati, mji wa Ohio ulio mpakani na Kentucky, wawe macho zaidi. Kumbi nyingi ziko ng'ambo ya mto, upande wa Kentucky, na leseni ya ndoa ya Ohio haivuki mto.

Muda ukiwa umebana, tafuteni mchungaji wa Ohio mwenye leseni yake. Huyo apokee viapo, atangaze ndoa na kutia sahihi. Mjomba ahubiri, aombe, abariki pete. Msikubali mjomba afungishe kisha mwingine ambaye hakuwepo atie sahihi.

Ohio haina kibali cha siku moja kwa ndugu asiye mchungaji. New York kipo tangu 2023, na Massachusetts gavana anaweza kumteua mtu kwa ndoa moja. Minnesota, walikojaa Wakenya, mchungaji anasajili hati zake kwenye kaunti moja tu. Kila jimbo na lake. Hata Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka kiongozi wa dini awe na leseni ya kufungisha, kwa hiyo hili si geni kwetu. Kampuni ndiyo iliyotuaminisha kwamba huku halipo.

Nyota moja. Wakiandika kwenye ukurasa wa malipo mstari mmoja tu, "Ohio inahitaji leseni ya Katibu wa Jimbo," nitaongeza ya pili. Fedha ya kifurushi bado naidai.