Uzoefu wangu na kidhibiti mwendo kinachosoma milima kwenye lori la tani 40

Kidhibiti mwendo ninachokieleza hapa si kile cha kawaida kinachoshikilia kasi moja bila kujali barabara ikoje. Hiki kina ramani ya miinuko na miteremko, hutambua mahali gari lilipo kwa msaada wa setilaiti, na huamua mapema ni wapi injini iongezewe mafuta, gia ibadilishwe au gari liachwe liserereke. Teknolojia yenyewe si ngeni, kwani Scania walikuwa nayo mwaka 2011 na Volvo mwaka 2012, lakini kwangu ilikuja na lori nililokabidhiwa hivi karibuni.

Dereva aliyezoea kukanyaga mafuta mpaka juu ya mlima atasumbuka mwanzoni. Lori likikaribia kilele, kidhibiti hupunguza mafuta na kasi hushuka kutoka 80 hadi 75 hivi, nawe unahisi injini imekosa nguvu, na wa nyuma yako anapiga honi. Sababu inaonekana upande wa pili: mteremko wenyewe unairudisha kasi ile bure, ilhali anayefika kileleni akiwa na 80 kamili hulazimika kushika breki mara tu anapoanza kushuka.

Ukubwa wa hasara hiyo ya breki unaweza kukadiriwa. Lori la tani 40 likienda kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ya karibu megajuli 10. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36, na kwa kuwa injini nzuri hugeuza kama asilimia 40 tu ya nishati hiyo kuwa kazi, kulifikisha lori kwenye kasi hiyo kutoka kusimama hugharimu takriban lita 0.7, upepo na msuguano wa matairi ukiwa bado haujahesabiwa. Ukipunguza kwa breki kutoka 80 hadi 60 tu, zaidi ya asilimia 40 ya nishati ile imekuwa joto.

Ninachokisifu zaidi ni namna kinavyotofautisha miteremko. Ule mdogo, ambao gari likibaki kwenye gia lingezuiwa na injini, hukifanya kitoe gia na kuacha lori liserereke huku injini ikiunguza mafuta kidogo tu ya kuiweka hai. Kwenye mteremko mkali gia hubaki, mafuta hukatwa kabisa na breki ya injini hufanya kazi yake. (Wanaoshusha milima mikali kwa nyutro wakidai wanabana mafuta wanapoteza breki ya injini, na hata hayo mafuta hawayabani.)

Kasoro zipo. Barabara ikiwa tambarare hakina la kufanya, na kwenye msongamano wa magari ninakizima. Ramani iliyopitwa na wakati ni tatizo kubwa zaidi: mahali ambapo mlima umeshachongwa, gari huongeza nguvu kwa ajili ya mwinuko usiokuwepo. Aidha, lori langu lilikuja limewekewa nafasi finyu mno ya kasi kupanda na kushuka, hata faida haikuonekana hadi fundi alipoipanua.

Watengenezaji hutaja akiba ya asilimia 3 hadi 5. Yangu iko karibu na 3, ambayo kwa lori linalotumia lita 33 kwa kilomita 100 ni kama lita moja. Hata hivyo, saa moja ya kuacha injini ikinguruma gari likiwa limesimama hula lita 2 hadi 3, yaani akiba ya kilomita 200 au zaidi, na hilo kidhibiti hakiligusi. Ninakipa alama nne kati ya tano kwa safari ndefu zenye vilima vya wastani. Kwa lori la kusambaza mizigo mjini, nisingekilipia.