A Midsummer Night's Dream jukwaani: mafundi wamewafunika wapenzi

Jamani mkisikia kuna kundi linaigiza hii komedi ya Shakespeare nendeni, ila wahini kuingia, maana dakika za mwanzo ndo zinakuambia nani anampenda nani na ukizikosa umepotea mazima. Hermia anampenda Lysander, baba mtu anataka aolewe na Demetrius, huyo Demetrius alishamtongoza Helena akamtosa, na Helena bado kamganda kama kupe. Wote wanne wanakimbilia porini usiku, Puck, kibwengo mtundu, anampaka mtu siye machoni dawa ya ua inayomfanya mtu ampende wa kwanza kumwona, basi balaa linaanzia hapo.

Kiukweli kwenye shoo niliyoiona mimi, upande wa wapenzi nawapa wastani. Wavulana wamevaa karibu sawa halafu wanaongea harakaharaka, mtu wa nyuma yangu kila saa "huyu ndo yupi sasa?" Ila ugomvi wa Hermia na Helena wameutendea haki, Hermia ambaye ndo mfupi alivyoitwa mwanasesere akajua ni kimo chake kinasemwa, akataka kumrukia mwenzie macho kwa kucha, tukacheka sana.

Walioibeba shoo ni mafundi. Bottom mfumaji, Quince seremala na wenzao wanajiandaa kuigiza kwenye harusi ya Theseus, mtawala wa Athene, na kuigiza kwenyewe hawajui! Bottom kashapewa nafasi ya mpenzi kwenye igizo lao lakini anataka na ya mwanamke, hadi simba anataka angurume yeye. Snout ndo ukuta, kanyoosha mkono katenganisha vidole, eti hilo ndo tundu la wapenzi kunong'onezana, na mkono unamtetemeka kweli huku uso mkavu hacheki. Wengi huharibu hapo, wakijua kipande kinachekesha wanaanza kuwakonyeza watazamaji, ila hawa walikuwa siriasi mwanzo mwisho. Simba naye anasimama kuwatuliza kina mama wasiogope, yeye ni Snug fundi mbao tu, ukumbi mzima hoi.

Kitu kimoja kimenikera, kichwa cha punda alichovalishwa Bottom pale Puck anapomroga. Kinamfunika mpaka mdomo, Titania, malkia wa vibwengo aliyepakwa dawa ileile akampenda, akimbembeleza tunamsikia vizuri, majibu ya Bottom yanaishia humo ndani, na majibu ndo utamu wenyewe, maana malkia mzima anamwaga mahaba mwenzie anawaza nyasi kavu. Wangemwekea masikio tu yakatosha. Nyota nne, ya tano kaila punda.