Tuta la koki na gundi ya akriliki kwa reli za treni ndogo: rivyuu yangu

Aisee watu wanaojenga reli za treni ndogo wanaumiza kichwa wiki nzima kuchagua kichwa cha treni, sauti yake, taa zake, halafu chini ya reli wanaweka chochote tu, na mabehewa yakianza kuanguka kwenye kona lawama zote anabeba kichwa cha watu. Kwa hiyo leo naongelea hivi vya chini visivyosifiwa.

Koki kwanza, ile ile ya vizibo vya chupa za mvinyo. Inakuja vipande virefu kama sentimita 91 hivi, unene kama mm 5 kwa skeli ya HO (yani ukubwa wa treni ndogo unaotumika sana), na kwa N, ambayo ni ndogo zaidi, ni kama mm 3. Katikati imekatwa mshazari, unaipasua inakuwa nusu mbili halafu unageuza ule upande wa mshazari ukae nje, ndo unapata tuta lenye mteremko kama la reli ya kweli. Raha yake ni kwamba unachora mstari wa katikati ya njia, unabandika nusu moja ikifuata mstari, halafu nyingine pembeni yake, na kona inapinda yenyewe bila kugombana. Maungio ya nusu hizi mbili yasikae sehemu moja. Pale ilipopasuliwa hua panabaki kijiukingo, pitisha msasa kidogo maana kijiukingo hicho hicho ndo kitainua reli upande mmoja. Ubaya wake ni kwamba ikizeeka inakauka na kumeguka, sasa kabla hujanunua ikunje kidogo, ikilia kwa kuvunjika achana nayo.

Sponji, ambayo wengine wanaitandaza chini ya reli badala ya koki, nayo inasifiwa kwamba inatuliza kelele, na ni kweli, plaiwudi tupu chini ya treni ni ngoma kabisa. Ila hapo kuna jambo watu hawasemi: ukishamwaga kokoto na kuziloweka kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, zikikauka zinakua gamba gumu linaloshuka pembeni mpaka kwenye plaiwudi, na kelele inapita humo humo kurudi kwenye mbao. Yani ule utulivu uliolipia nusu yake umeondoka. Na sponji ukiipigia misumari inadidimia pale penye msumari, reli inakua na mabonde, kichwa kinapita kinayumba yumba.

Misumari sasa. Mi siipendi hata kwenye koki. Ukigonga zaidi kidogo tu, taruma (kile kipande cha kukatisha kinachobeba reli) linabonyea katikati, reli mbili zinasogeleana, na kwa HO upana unatakiwa uwe mm 16.5, ukipungua magurudumu yanapanda juu. Kama lazima utumie, acha kichwa cha msumari kisiguse taruma kabisa. Na kama meza yako ni ile bodi ya povu gumu ya kuzuia joto basi sahau, msumari haushiki humo, na gundi zenye kiyeyusho kikali zinaila bodi mpaka inabaki shimo.

Ndo maana nimekubali gundi ya akriliki ya kuziba nyufa, ile ya kwenye tyubu inayosukumwa kwa kifaa kama bunduki. Iwe akriliki, sio silikoni, maana silikoni rangi haishiki juu yake na nyingine zinanuka siki kwa sababu zinatoa asidi wakati zinakauka. Unapaka mstari mwembamba, unautandaza kwa kadi ya zamani mpaka mstari wako wa penseli uonekane chini yake, yani filamu tu. Ukiona inachungulia kati ya mataruma umezidisha. Weka reli, isogeze mpaka ikae sawa, kwa sababu inakupa dakika kadhaa za kubadili mawazo, shikilia kwa pini, juu weka vitabu, kalale. Ikikauka inabaki na unyumbufu, haiwi jiwe, na siku ukitaka kuhamisha njia unapitisha kisu chembamba cha kupakia puti chini yake na reli inatoka nzima.

Vitu viwili gundi haitakusaidia. Reli zinazopindika zilehemu kwa risasi kwenye maungio ya kona kabla hujazipinda, ila kwenye njia iliyonyooka acha maungio mengine bila kulehemu na nafasi kama unene wa karatasi, kwa sababu mbao ikivuta unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, na reli zitajikunja zikikosa pa kwenda. Halafu pale penye swichi ya kubadili njia usipake gundi chini ya ile fito inayosogea wala karibu yake, tone moja tu likipanda swichi imekufa. Mi hapo naweka gundi kwenye miisho ya swichi tu, mbali na hiyo fito, zaidi ya hapo naiacha ishikiliwe na reli za jirani.

Koki 8 kwa 10, akriliki 9. Sponji 5, nawashauri tu wale wanaotandaza njia ya muda na hawatamwaga kokoto.