Mpira wa Feni ya Jikoni Niliouziwa wa Kuvutia Vumbi la Mbao

Sina desturi ya kuwashtaki wenye maduka mbele ya watu, lakini duka moja la vifaa vya ujenzi lililo upande wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, limenifikisha hapo. Jina lake nalihifadhi kwa sasa, kwa kuwa bado nawadai fedha zangu.

Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, huku Kisauni, ambamo mimi na mwanangu tunatengeneza milango na makabati, aghalabu ya mvule. Aliyewahi kupasua mvule analijua vumbi lake: huwasha macho, hukereketa koo, na mwenye pumu, kama alivyo mwanangu, humbana kifua usiku kucha. Wala hii si hofu ya wazee. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ile ya pua. Ndiyo sababu tukanunua mashine ya kuvuta vumbi, na ndiyo sababu nikaenda dukani kutafuta mabomba na mpira wa kuiunganisha na msumeno wa meza na mashine ya randa.

Salamu yangu haikujibiwa. Hata hivyo nilimweleza muuzaji kila kitu kwa utaratibu: kwamba hewa itavutwa wala haitasukumwa, kwamba vipande vya mbao vyenye ncha vitapita ndani, na kwamba kipenyo ni lazima kiwe inchi 4 kama mdomo wa mashine, maana ukishuka hadi inchi 2 nafasi ya kupitia hewa inabaki robo tu. Akanitolea mpira mwembamba wa alumini, wa aina ile inayofungwa kwenye feni za jikoni. Nikamuuliza kama utahimili mvuto. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Mzee, mpira ni mpira. Unachukua ama huchukui?" Muuzaji ndiye anayepaswa kuijua bidhaa yake, nikalipa kwa M-Pesa.

Tulipowasha mashine, mpira ulijikusanya papo hapo, ukafupika, ukajivuta mpaka ukachomoka kwenye kibanio. Tukaufunga upya kwa vibanio viwili. Mwanangu alipoanza kupitisha ubao kwenye randa, maranda yakawa yanagonga pale mpira ulipopinda, na kabla ubao haujafika mwisho tukasikia mluzi mwembamba: alumini ilikuwa imechanika baina ya duara mbili za waya, ufa wa urefu wa kidole. Kuanzia hapo mashine ikawa inanyonya hewa ya bure kupitia ufa huo, huku maranda yakirundikana chini ya randa na vumbi jembamba likielea chumba kizima. Mwanangu alitoka nje akikohoa, akashika ukuta. Siwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi.

Haki nayo isemwe. Mabomba ya kijivu ya maji taka ya inchi 4, niliyoyanunua siku hiyo hiyo katika duka hilo hilo, ni mazuri mno. Ndani ni laini, hayana mikunjo ya kuisumbua hewa, na chumvi ya bahari inayokula bati letu hapa Pwani hayaijui. Penye kona nimeunganisha viungo viwili vya digrii 45 badala ya kimoja cha digrii 90, ili hewa igeuke taratibu na isipoteze kasi, kwa kuwa inahitaji takriban mita 20 kwa sekunde ili vumbi lisilale njiani. Kwa ajili ya mabomba haya nilikusudia kulipatia duka nyota tatu katika tathmini hii.

Kisha nikaurudisha mpira. Yule yule muuzaji aliutazama, akaigonga risiti kwa kalamu pale palipoandikwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi, akasema mbele ya wateja kwamba wazee tunaharibu vitu kisha tunatafuta wa kumlaumu. Nina umri wa kumzaa! Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na ya maelezo anayohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, na maelezo niliyaomba kwa kinywa changu. Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma, akasikia yote, akaendelea kuhesabu fedha.

Kwingine nimepata mpira wa pampu ya maji, ule wa kunyonyea, wenye uti mgumu wa plastiki uliozunguka mwili wote. Ni mzito na bei yake inauma, lakini haujikusanyi wala hautoboki, na kwa kuwa mikunjo ya ndani huipunguzia hewa nguvu nimeutumia kipande kifupi tu, kati ya bomba na mashine.

Zile nyota tatu nimezifuta. Uzuri wa mabomba ni sifa ya kiwanda kilichoyatengeneza, si ya duka lililoyaweka rafuni. Nimebakiza nyota moja, nayo ni ya yule hamali aliyenibebea mabomba hadi kwenye tuktuk, akayafunga vizuri, na akaniaga kwa heshima.