Kozi ya Upimaji: Uthabiti Umefundishwa Vizuri, Uhalali Umepitiwa Juu Juu

Nimemaliza kozi ya wiki sita ya mtandaoni kuhusu uhalali na uthabiti wa vipimo, iliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watunzi wa madodoso. Nimeona niitathmini kwa kirefu kwa sababu alama tunazoandika huamua nani apande darasa na nani arudie, na anayeziandika anapaswa kujua zimebeba makosa kiasi gani.

Upande wa uthabiti, yaani kipimo kutoa matokeo yaleyale pale ambapo kinachopimwa hakijabadilika, wakufunzi wanastahili pongezi. Katika wiki ya pili tulisahihisha insha kumi, na baada ya siku saba tukaletewa zilezile zikiwa zimepangwa upya. Insha moja niliyoipa 14 kati ya 20 mara ya kwanza niliipa 10 mara ya pili, ilhali hakuna hata nukta iliyoongezwa. Nilizitazama karatasi zile mbili kwa muda mrefu, nikiwafikiria wanafunzi wote niliowasahihishia usiku nikiwa nimechoka. Tulipotunga mwongozo wa kusahihishia na kurudia kazi, tofauti zilipungua sana. Somo la kosa sanifu la kipimo, yaani kadirio la kiasi ambacho alama ya mtu inaweza kuyumba kwa sababu ya makosa ya upimaji, nalo lilieleweka: mkengeuko sanifu (jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika) ukiwa alama 10 na kiwango cha uthabiti, kinachohesabiwa kutoka 0 hadi 1, kikiwa 0.84, kosa hilo ni alama 4, hivyo pale ambapo kufaulu ni 50, aliyepata 48 na aliyepata 52 hawawezi kutenganishwa kwa uhakika.

Tatizo lilianza kwenye alfa ya Cronbach ya mwaka 1951, namba inayoonyesha jinsi majibu ya maswali ya dodoso yanavyokwenda pamoja, tuliyofundishwa kama mstari wa kuvuka tu: ukifikisha 0.70 umefaulu. Mshiriki mmoja alileta dodoso lenye alfa ya 0.95 akasifiwa, ingawa lilikuwa na kauli kama «Ninaipenda kazi yangu», «Kazi yangu inanipendeza» na «Ninafurahia kazi yangu». Kauli zinazorudia jambo lilelile hupandisha alfa, na hata kuongeza idadi ya maswali yanayofanana huipandisha, lakini dodoso halielezi lolote zaidi kuhusu mhojiwa. Hilo lilipaswa kusemwa palepale.

Uhalali, yaani alama kumaanisha kweli kile tunachodai zinamaanisha, ulipewa wiki moja tu, nao ukageuzwa orodha ya kukariri: wa maudhui, wa utabiri, wa dhana, wa mwonekano. Tangu kazi ya mtaalamu wa upimaji Samuel Messick ya mwaka 1989, wataalamu wengi wanauchukulia uhalali kuwa sifa ya tafsiri na matumizi ya alama, wala si sifa ya karatasi ya mtihani. Kwa hiyo swali la msingi ni kama alama hizi zinafaa kwa uamuzi huu, na kwa ushahidi gani. Kozi yenyewe ilikuwa na mfano mzuri ikaupita: swali la hesabu la mistari mitano, lenye maneno kama «kughairi» na «shehena», ambalo jibu lake lilihitaji kugawanya 240 kwa 6 tu. Mtoto anayejua kugawanya lakini anayesoma kwa shida atalikosa leo, kesho na keshokutwa. Matokeo yake yatakuwa thabiti kabisa, na mwalimu ataamini kuwa amepima hesabu.

Maswali yetu yalijibiwa ndani ya siku mbili, na majedwali ya kukokotolea tuliyopewa ninayatumia hadi sasa. Hata hivyo, mtihani wa mwisho ulikuwa maswali 15 ya kuchagua, yote yakiuliza fasili, wakati cheti kinasema mwenye nacho ana uwezo wa kutathmini vipimo. Niliwaandikia kuomba ushahidi unaounganisha alama zile na uwezo huo, nikajibiwa kwamba kiwango cha kufaulu ni asilimia 80. Ninaipendekeza kozi hii kwa msahihishaji wa insha, bila kusita. Kwa anayetaka kutunga mtihani wa kuamua hatima ya watu, ningesubiri waweke, mahali pa maswali yale 15, mtihani halisi wa kuchambua na kutetea.